Wiki mbili kwa mstari mmoja

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unauliza nilikaaje miaka 11 kwenye benki kubwa vile wakati wewe miezi 8 tu umeshachoka, mstari mmoja wa programu unasubiri wiki mbili, mara rivyu, mwenzio akague ulichoandika, mara testi mara kamati, ndo uende laivu, wateja waanze kuutumia.

Mi niliogopa, mwanangu, na nataka na wewe uogope kidogo. Mwaka wangu wa pili pale nilibadilisha hesabu ya makato usiku, peke yangu, nikaiweka laivu nikalala zangu. Asubuhi watu wanakatwa mara mbili. Bosi akanisikilizisha simu iliyorekodiwa, mama mmoja wa Feri anauza samaki, boti zimeshaingia, mnada unaendelea nyuma yake unausikia kabisa, na hela ya mtaji haitoshi tena. Hakutukana hata. Alikuwa anauliza tu, "Sasa dada, samaki wa leo nanunua na nini?" Hela tulimrudishia kesho yake lakini siku ile alishaipoteza, na ile sauti ninayo mpaka leo.

Ndo maana niliposoma ya Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa kule Marekani, sikushangaa. Tarehe 1 Agosti 2012, seva 8, yaani kompyuta zinazoendesha kazi yao, programu mpya ikawekwa kwenye 7, moja ikasahaulika, hakuna mtu wa pili aliyepita kuhakikisha. Ile iliyosahaulika ikaamsha programu ya zamani iliyokuwa haitumiki tena, ikawa inatuma oda za hisa bila kusimama, dakika kama 45 tu, hasara kama dola milioni 440. Mtu wa pili tu mwanangu.

Sisemi kila foleni ni halali. Kuna mitingi pale ilinila saa zangu bure na hiyo ilikuwa inaniuma kweli, kwa hiyo ukiona hatua uliza inamlinda nani, wakikosa jibu igombee itolewe, kwa adabu lakini usiachie.

Na hizo wiki mbili usikae tu kusubiri. Omba ukae hata nusu siku na wale wa huduma kwa wateja uvae hedifoni usikilize. Halafu yule kaka anayekuandikia maoni marefu kwenye rivyu, mfuate mezani kwake akuonyeshe anaogopa nini.

Jumapili nipigie, unisimulie amesemaje.

Mama