Tairi kubwa kwa Hiace ya kulala safarini

Kaka, umeuliza kama Hiace yako ya kulala safarini itakubali tairi za saizi 215/75R15 badala ya 195/80R15, upate kutoka Malindi hadi Marafa bila kukwaruza tumbo. Kipenyo cha tairi kitatoka milimita 693 hadi kama 703. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo huinua gari, yaani milimita 5 tu. Mimi ningetazama kwanza uzito: kitanda, jiko, matangi ya maji. Chukua tairi ya mizigo, yenye herufi C baada ya saizi. Ya gari dogo inaweza kukupasukia. Kabla hujalipa, funga mbili za mbele, pakia kila kitu, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha chungulia ndani ya madigadi. Mpira ukigusa, utaona mkwaruzo mweusi. Spea nayo iwe saizi hiyohiyo, na uhakikishe inaenea pale chini.