Maswali ya Wasomaji: Gari Linaloendeshwa kwa Cheni

SWALI: Mhariri, katika picha ya mbio za magari ya kale nchini Uingereza nimeliona gari dogo la Frazer Nash la mwaka 1932, na maelezo yake yalisema kwamba linaendeshwa kwa cheni. Mimi nilidhani cheni ni za baiskeli na pikipiki. Je, hufanyaje kazi ndani ya gari, na kwa nini mtengenezaji alizichagua wakati ambapo wenzake walikwisha kuzoea giaboksi?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo ya picha ni sahihi, na si wewe peke yako uliyeshangaa. Archibald Frazer-Nash alianza na mwenzake H. R. Godfrey kuunda vigari vyepesi vya GN kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mwaka 1922 akaanzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe. Magari yenye cheni yalitoka humo hadi mwaka 1939, na yote kwa jumla hayakuzidi sana 350, ndiyo maana hata Waingereza wengi hawajapata kuliona moja barabarani.

Sasa tuingie chini ya bodi. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, kisha kwenye shafti inayoelekea nyuma hadi kwenye kisanduku cha gia za pembe, ambazo huugeuza mzunguko kuwa wa upande kwa upande. Hapo pana shafti fupi iliyolala sambamba na ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu, na kati ya hizo mbili zimefungwa cheni, moja kwa kila gia ya kwenda mbele. Kwenye ekseli, sproketi zote, yaani magurudumu madogo yenye meno yanayoshika cheni, zimekazwa. Kwenye shafti fupi, kila sproketi huzunguka bure mpaka dereva asogeze kishikio chenye meno kinachoikamata. Kwa hiyo gari linapotembea, cheni zote huzunguka kwa pamoja, ila ni moja tu inayobeba mzigo. Kubadili gia ni kuachia kishikio kimoja na kukamata kingine, kazi ambayo mkono uliozoea huimaliza kufumba na kufumbua, na ambayo giaboksi nyingi za miaka hiyo, zisizokuwa na sinkronizi, yaani kifaa cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana, hazikuiweza.

Wapo waliouita mpango huu ushamba. Mimi siafiki. Ulikuwa mwepesi, na mwenye gari aliyetaka kupanda mlima mkali aliweza kubadilisha sproketi kwa nyingine yenye idadi tofauti ya meno, akapata uwiano anaoutaka bila kugusa injini. Cheni moja ikikatika, zilizobaki zilitosha kumrudisha mtu nyumbani. Gharama yake ilikuwa uchafu na kelele: cheni zilikaa wazi, zikanyeshewa matope ya barabarani, na mwenyewe alilazimika kuzipaka mafuta na kuzikaza mara kwa mara.

Lakini jambo kubwa zaidi ni lile ambalo hukuliuliza: gari hili halina difu, yaani mtambo unaoyaruhusu magurudumu ya kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, nayo huzunguka sawasawa hata kwenye kona, ingawa la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Katika kona ya nyuzi 90, kwa kila mita moja ya umbali kati ya magurudumu, la nje husafiri takriban mita 1.57 zaidi, na kwa kuwa ekseli haikubali tofauti hiyo, lazima tairi moja liteleze. Ndiyo sababu magurudumu ya nyuma yaliwekwa karibukaribu. Dereva mwoga atalichukia gari hili. Aliyelielewa hukanyaga pedali ya mafuta katikati ya kona, mkia ukateleza kidogo, akaurudisha kwa usukani.

SWALI: Nimeona pia nembo iliyoandikwa Frazer Nash-BMW. Je, Wajerumani walilinunua kampuni hilo?

JIBU: Hapana, ilikuwa kinyume chake kidogo. Kampuni lilikuwa mikononi mwa akina Aldington, ndugu waliolichukua mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuliendesha kutoka Isleworth, magharibi mwa London. Mwaka 1934 H. J. Aldington alishiriki mashindano ya milima ya Alps, akashuhudia magari ya BMW yakiyashinda ya kwake, na badala ya kununa akaenda kufanya mapatano na Wajerumani ya kuyaingiza Uingereza kwa nembo hiyo uliyoiona. Tangu hapo magari ya cheni yakawa yanatengenezwa machache tu, kwa wateja walioyang'ang'ania. Archibald mwenyewe alikwisha kuondoka, akageukia mitambo ya kuzungushia bunduki za ndege za kivita.