Maswali yenu ya matuta, makorongo na maji yanayopotea

Safari hii maswali ni mengi na mengi yanafanana, kwahiyo nimeyaunganisha. Kama hujaona la kwako soma la mwenzako, uwezekano mkubwa jibu limo humo.

Nilichimba mitaro na kupandisha matuta shamba zima. Imenyesha mvua moja kubwa tu yamekatika matatu. Nakosea wapi?

Pole sana mkuu, kazi ya jembe halafu inaondoka usiku mmoja inauma. Mara nyingi shida iko kwenye usawa. Watu wengi wanachora mstari wa tuta kwa macho, na macho kwenye mteremko yanadanganya kweli kweli. Tuta likiwa na sehemu moja tu iliyo chini kidogo kuliko kwingine maji yote yanakimbilia hapo, yanajaa, yanapita juu, yanalikata, alafu yanashuka yakiwa na nguvu mara mbili kwenye tuta linalofuata ambalo nalo halikujengwa kupokea mzigo huo, ndo maana ukikuta moja limekatika chini yake kuna mengine yamekatika pia.

Na maji yenyewe usiyachukulie poa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Sasa mvua ya milimita 20, ambayo wala sio ya ajabu, kwenye ekari moja ni lita kama 80,000. Zisipozama zinashuka.

Pima kontua, yaani mstari unaopita sehemu zenye kimo sawa. Huhitaji mashine. Chukua miti miwili mirefu inayolingana ifunge juu, mti wa tatu ufunge katikati kwa kulala, itoke kama herufi A, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, weka alama pale kamba inapogusa mti uliolala. Geuza, yaani mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia na wa kulia pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa wako. Hapo unatembea nayo shambani, kila kamba ikikaa kwenye alama ya katikati unapigilia kijiti miguuni. Ukimaliza angalia vijiti vyako, utashangaa mstari unavyojipinda. Ndo ulivyo mlima, usiunyooshe kwa sababu ya urembo.

Jambo la pili ambalo hukulitaja ila nahisi lipo: maji yanaingia kutoka juu ya shamba lako? Barabara, njia ya ng'ombe, uwanja wa nyumba? Kama ndio, hata matuta yawe sawa vipi yatazidiwa tu, maana yamepimwa kwa mvua inayodondokea shambani kwako, sio ya mlima mzima. Chimba mtaro wa kukinga juu kabisa kabla ya tuta la kwanza, upe mteremko mdogo sana, sentimita 25 mpaka 50 kwa kila mita 100, uyapeleke maji pembeni kwenye mkondo uliopandwa nyasi. Tuta jipya nalo lipande nyasi hapohapo, usisubiri msimu ujao.

Kati ya tuta na tuta niache mita ngapi?

Inategemea mteremko, anayekupa namba moja ya mashamba yote anakubahatisha. Vuta kamba ya mita 10 kwenda chini, iwe imelala sawa kwa pima maji ile ya mafundi, upime kamba iko juu kiasi gani upande wa chini. Ikiwa mita 1.2 basi mteremko wako ni asilimia 12. Chukua hiyo 12 gawa kwa 4, unapata 3, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, inakuja 1.5. Hiyo ni tofauti ya kimo kati ya tuta moja na jingine kwa mita. Gawa 1.5 kwa 0.12 unapata mita 12 na nusu za kutembea. Mteremko wa asilimia 20 kwa hesabu hiyohiyo unakuja kama mita 10 na nusu. Udongo wako ukiwa wa kichanga tupu na rahisi kusombwa sogeza karibu kidogo, haina shida.

Fanya juu au fanya chini, ipi bora?

Fanya juu, kama nguvu ipo. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo unaurusha upande wa mlimani, unaacha kingo ya sentimita 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi kwenye shimo. Kila mvua inaleta udongo unakaa nyuma ya tuta, na wewe unaliongezea kimo, baada ya miaka shamba lenyewe limegeuka ngazi. Vile vilima vya Machakos vilivyojaa ngazi, nyingi zimejengwa hivyo kuanzia miaka ya 1950. Fanya chini, ambayo udongo unaurusha upande wa bondeni, ni nyepesi mgongoni lakini ngazi haikupi, na wenye mteremko mkali inawaangusha.

Ila kama udongo wako ni mfupi na mwamba uko karibu achana na yote mawili, panga mistari ya mawe au nyasi. Na kwenye mlima mkali wenye udongo mzito ulioshawahi kuteleza usichimbe mitaro ya kushikilia maji, unaulowesha mlima kwa ndani na unaweza kushuka wote. Hapo panda miti na nyasi. (Wamatengo kule Mbinga wanalima miteremko mikali kwa ngoro, vishimo vilivyopangika, na nyasi zimezikwa kwenye kingo zake. Lakini ule ni utaalamu wa vizazi, usiuige kwa kuona picha.)

Korongo linanila shamba. Nimejaza mawe na magunia ya mchanga, mvua imesomba yote.

Umeanzia chini, si ndio? Karibu kila mtu anaanzia pale pabaya zaidi kwa sababu ndo panatisha. Korongo linakua kurudi nyuma, kichwa chake ndo kinakula. Kwahiyo kwanza nenda kichwani, tafuta maji yanaingilia wapi, yageuze. Bila hivyo hata uweke zege.

Alafu weka vizuizi vidogo vingi, sio kimoja kikubwa. Kizuizi lazima kiingie kwenye kingo zote mbili na chini, chimba upachike, kikiwekwa juujuu tu maji yanazunguka pembeni na kulipanua korongo zaidi ya lilivyokuwa. Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Mbele yake, yanapoangukia, tandika mawe yasichimbe shimo. Umbali ni rahisi: pale maji yanapopitia kwenye kizuizi cha chini pawe usawa na mguu wa kizuizi cha juu. Udongo ukijaa nyuma panda matete au nyasi za vetiva hapo na uzuie mifugo. Ng'ombe wakiligeuza korongo njia ya kwenda mtoni kazi yote bure.

Jirani wa juu ameelekeza mitaro yake yote shambani kwangu. Tumeshagombana.

Dada yangu, hapa hata uchimbe vipi hutoshinda peke yako. Maji hayajui mpaka. Nenda naye shambani mvua inaponyesha, sio siku ya jua, mtembee mtazame yanapopita, maana mbishi mkubwa akiona udongo wake mweusi unaondoka na maji anapoa. Kila milimita moja ya udongo wa juu ikiondoka kwenye ekari ni kama tani tano. Zake hizo! Mkubaliane mkondo mmoja wa kutolea maji kwenye mpaka, wenye nyasi, kila mtu atoe kipande, na mfanye mbele ya uongozi wa kijiji ili mtoto wake kesho asiugeuze. Asipokubali kabisa jikinge kwa mtaro wa juu kama nilivyoeleza, lakini na wewe usiyatupe kwa wa chini yako, maana nimeona mnafanya.

Eneo langu ni kavu, ardhi imekuwa na ukoko mgumu, mvua ikinyesha inapita tu juu.

Matone ya mvua yakipiga udongo ulio wazi yanauvunjavunja, unaziba vitundu vyake, ukikauka ndo ukoko huo. Chimba vishimo wakati wa kiangazi, upana sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20, udongo uweke upande wa chini, ndani weka samadi. Mchwa watakuja, waache, wanatoboa ardhi chini na maji yanaingia. Mvua zikianza unapanda humohumo. Huko Yatenga, Burkina Faso, Yacouba Sawadogo alifufua ardhi iliyokuwa imekufa kwa vishimo hivi, wanaviita zai, akaanza miaka ya 1980 watu wakimuona kichaa, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Kazi ni nzito, sitakudanganya, kwahiyo anza na kipande na ukifanye vizuri, msimu unaofuata ongeza.

Bwawa langu la kumwagilia linakauka kabla kiangazi hakijaisha. Linavuja au ni jua?

Jaza maji beseni pana, liweke pembeni ya bwawa kwenye jua, chomeka kijiti chenye alama kote kuwili. Baada ya siku kadhaa kama bwawa limeshuka zaidi sana ya beseni, linavuja: shindilia udongo wa mfinyanzi chini na kingoni au tandika nailoni nzito. Kama vinashuka karibu sawa ni jua na upepo, na sehemu kavu zinaweza kuchukua milimita 6 kwa siku, yaani sentimita 18 kwa mwezi. Hapo dawa ni kina, sio upana. Na weka kishimo cha kunasa tope kabla maji hayajaingia, na uzio. Watoto wanazama kwenye haya mabwawa.

Mikaratusi kwenye chemchemi tuikate?

Ndio, kidogokidogo, huku mkipanda miti ya asili ya hapo mahali pake. Usifyeke yote mara moja.

Unatuambia tuache mabua shambani kama matandazo, mifugo ya kijiji inakula yote. Tufanyeje?

Hili gumu kuliko kuchimba. Kondoa mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika, na majani yakarudi kweli, lakini hiyo ilikuwa amri kutoka juu na wafugaji wakaumia, sio kitu cha kukifanya kijijini kwenu. Nyie kaeni na wafugaji mpange tarehe ya mifugo kuingia mashambani na mashamba yapi yapumzike. Na muwape kitu cha kulisha: nyasi za kwenye matuta zikatwe zipelekwe zizini. Ukitaka kugawa, nusu ya mabua iende zizini nusu ibaki shambani, ilazwe kwa kufuata kontua, na samadi irudi.