Barua kwa mwanangu: kabla hamjashuka Grand Canyon

Mwanangu Salma,

Salamu nyingi. Umeniuliza muanze kupanga nini sasa kwa kuwa mmepata kibali cha Julai cha kushuka mto Colorado kwa mashua za mpira: watu 8, siku 16, kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek, kama kilomita 363. Wenzako naona wanazungumzia maporomoko makali ya Lava Falls tu. Lava Falls mtaipita kwa muda mfupi sana. Kambini mtalala mara 15. Anzeni na maji ya kunywa, choo na kamba.

Kwenye joto linalopita nyuzi 40, kila mtu ahesabiwe lita 4 hadi 6 za kunywa kwa siku, mbali na za kupikia. Mto ukiwa safi, chujio linatosha kuondoa uchafu. Ila mvua ikinyesha upande wa Paria au Little Colorado, mito inayoingia katika mto wenu, maji yanageuka mekundu na chujio linaziba upesi. Kwa hiyo kila jioni jazeni ndoo 3 za lita 20, tieni shabu ya unga robo kijiko cha chai kwa kila ndoo, korogeni taratibu, funikeni mpaka asubuhi. Tope litakuwa limetulia chini kama uji mzito. Mimineni maji ya juu bila kulitibua, yachujeni, kisha tieni klorini ya kufulia isiyo na manukato, matone 2 kwa lita, na msubiri nusu saa. Klorini ikitiwa kwenye tope, nguvu yake huishia kwenye tope na vijidudu hubaki. Bebeni na vitu vya chumvi: anayekunywa maji matupu kutwa huishiwa chumvi, huumwa kichwa na kutapika, na wenziwe wakidhani ni kiu huzidi kumnywesha.

Kinyesi chote mnatoka nacho korongoni. Sanduku kubwa la chuma, lile la kuwekea risasi za bunduki, lenye mpira mzima kwenye kifuniko, huchukua matumizi kama 50. Watu 8 kwa siku 16 ni 128, basi ni masanduku 3, bebeni 4. Mkojo uende mtoni, ndiyo kanuni ya hifadhi. Ukiingia sandukuni, hesabu hiyo yote inavurugika.

Sasa kamba. Mto huu hujaa na kupwa kila siku, kwa sababu bwawa la Glen Canyon hufungulia maji zaidi umeme unapohitajika sana. Mabadiliko hayo huchukua saa nyingi kuwafikia, kwa hiyo saa ya kupwa haitakuwa ileile kila kambi. Mkifika, chomekeni kijiti ukingoni kabisa mwa maji, mkitazame tena kabla ya kulala. Maji yakipungua, sogezeni mashua kwenye kina. Mashua ya mpira iliyojaa mizigo ikikaa mchangani usiku, asubuhi mtaipakua yote. Fungeni kila moja sehemu mbili, na mlegeze kamba kidogo.

Hili nakusisitizia, maana Julai ni msimu wa mvua za radi: msipige kambi mdomoni mwa korongo dogo, hata pawe na mchanga mzuri namna gani. Karibu maporomoko yote ya mto huu yalitokana na mawe yaliyosukumwa na gharika za vikorongo hivyo. Maporomoko ya Crystal yalikuwa makali zaidi baada ya gharika moja tu, Desemba 1966.

Ulizoea Jinja, ambako ukipinduka maji ni ya uvuguvugu. Hapa maji hutoka kilindini mwa ziwa la bwawa na huwa baridi. Pumzi hukatika, mikono inakosa nguvu upesi. Jaketi okozi libane mwilini, nguo za pamba zibaki kambini, na kila mashua ibebe kasia la akiba.

Diamond Creek ni ardhi ya Wahualapai, wenyeji wa asili wa huko, ada yao mtailipa kando. Simu za mkononi hazishiki korongoni, kodini ya setilaiti. Orodha ya chakula ikiwa tayari nitumie, tugawe uzito wa kila mashua pamoja.

Mama yako