Usichomeke ANITA Mk 8 kwenye umeme bado

Ndugu, umesema umeinunua ANITA Mk 8, kikokotoo cha kielektroniki cha mezani, kwenye mnada huko Leeds, na unauliza kama uiwashe tu na mbona vitufe ni vingi vile.

Usiiwashe kwanza. Kapasita (vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme) za miaka ya 60 huwa zimechoka, na taa za tarakimu, zile Nixie, zinahitaji volti zinazokaribia 170. Umeme huo unaua. Mpe fundi aliyezoea redio za zamani za vali, zile taa za kioo zilizotangulia transista: azipime kapasita, kisha aunganishe mashine kupitia balbu ya kizamani kwa mfululizo, ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya mashine kuungua.

Vitufe ni vingi kwa sababu kila safu ni nafasi yake: mamoja, makumi, mamia. Kila safu ina 1 hadi 9, sifuri haina kitufe. Ukitaka sifuri, iache safu ilivyo. Kampuni ya Bell Punch ya Uingereza iliitoa mwaka 1961, wakati makarani walishazoea mashine za hesabu za meno na gia zenye mpangilio huohuo. Kuufuata mpangilio huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maoni yangu.

Ikiwaka, iangalie Nixie kwa karibu. Tarakimu ni nyaya zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo namba ikibadilika mwanga wa rangi ya chungwa husogea mbele na nyuma ndani ya kioo. Tarakimu ikiwaka nusu, usikimbilie kununua taa mpya. Mara nyingi waya umeingia uchafu kwa kutotumika, na ukiiacha iwake muda mrefu hurudi.