Garba ikitoka ukumbini, duara lisivunjwe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Upanga, nyumbani tunazungumza Kigujarati, na garba, ngoma yetu ya duara, nimeicheza tangu utotoni katika zile nyusiku tisa za Navratri, sikukuu ya Kihindu. Nimesomea pia dansi ya kisasa. Mimi na wenzangu, wengine Wagujarati na wengine sio, tunataka kutunga onyesho la garba la nje, jioni, kwenye uwanja wa wazi karibu na bahari. Bibi yangu anasema tutaifanyia dini mchezo. Wenzangu wanasema tukimsikiliza bibi hatutatunga lolote jipya. Nibadili nini, na nini nisiguse?
Msomaji wa Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu kucheza nje ondoa hofu kabisa, maana garba haikuzaliwa ukumbini. Katika mitaa ya zamani ya Ahmedabad, kule Gujarat, India, ile ya vichochoro inayoitwa pol, wanawake wamecheza mbele ya milango yao vizazi na vizazi, na hadi leo wapo wanaocheza hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa ngoma Vadodara niliona viwanja ambako maelfu ya watu wanazunguka pekupeku juu ya udongo mpaka vumbi linafunika taa. Mgeni hapa ni ukumbi wenye viyoyozi.

Nisichotaka ukiguse ni katikati ya duara. Unajua vizuri kuliko wenzako kwamba pale pana garbo, mtungi wa udongo wenye matundu na taa ndani yake. Mtungi ni tumbo la uzazi, taa ni uhai uliomo, na wachezaji wanamzunguka Mama Amba, mungu wa kike, kinyume cha mwendo wa saa. Ndiyo maana mchezaji anapopiga kofi huinama kidogo kuelekea ndani. Sasa tazama maonyesho mengi ya jukwaani: duara limefunguliwa, wachezaji wamepangwa safu mbili, nyuso kwa watazamaji, tabasamu hadi mwisho. Kofi linabaki pambo tu, kwa sababu halielekezwi tena kwa chochote. Hilo linaniuma kuliko muziki wa kisasa au suruali badala ya chaniya, ile sketi pana.

Basi waketishe watu pande zote. Wakubali kuona migongo. Mgongo wa mcheza garba, na zile kamba za choli, yaani blauzi yake, na vioo vidogo vinavyokamata mwanga, ni sehemu ya uzuri wake. Anzeni polepole na be taali, makofi mawili, bila ala yoyote. Ingieni tran taali, makofi matatu, baadaye, kisha harakisheni. Mkitaka kuvunja mwendo, vunjeni kwa mwili mmoja unaosimama wakati wengine wanazunguka, au duara linalobana mpaka pumzi zisikike. Dansi yako ya kisasa itapata kazi humo ndani bila kulipeleka duara mbele ya kamera.

Mambo ya uwanjani yasiwashtukize. Majani hushika unyayo, na katika kugeuka ndipo magoti yanapoumia. Mchanga wa ufukweni ni mbaya zaidi. Tafuteni udongo ulioshikana, na kama ni saruji, subirini jua litue ndipo mvue viatu. Sauti ya harmonia hupotea kwenye upepo, ngoma ya dhol haipotei. Chaniya yenye marinda mengi ikipigwa na upepo wa bahari hujizungusha miguuni, kwa hiyo fanyeni mazoezi mkiwa mmeivaa, palepale, saa ileile.

Bibi yako ana hoja. Nyimbo nyingi za garba ni sifa za Mama, na Navratri ni ibada yenye aarti yake, ile sala ya kuzungusha taa. Usichukue wimbo wa ibada ukaufanya sauti ya nyuma wakati watu wanakula mishikaki. Usiweke onyesho ndani ya zile nyusiku tisa. Mwombe bibi akuchagulie wimbo, na umweleze taa itakaa wapi, nani ataiwasha na nani ataiondoa. Akisema wimbo fulani hautoki nje ya ibada, mkubalie. Mwambie pia kwamba UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi usioshikika Desemba 2023, kwenye kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Iliingizwa kama utamaduni unaoishi, unaochezwa na watu wa kila namna.

Lakini nina pendekezo jingine, na kusema kweli ndilo ninalolipenda zaidi. Mjaribu tippani. Ni ngoma ya wanawake wa Saurashtra, sehemu ya Gujarat, hasa wa Chorwad, waliokuwa wakishindilia sakafu za chokaa. Kila mmoja ana fimbo ndefu yenye kipande cha mbao chini. Safu mbili zinatazamana, zinaimba, na kishindo cha mbao ndiyo ngoma yenyewe. Ni kazi tupu, jasho tupu, na haihitaji kipaza sauti. Huku kwetu nako, mapaa ya chokaa ya nyumba za mawe za Zanzibar yalipigwa kwa vijiti huku watu wakiimba. Mtazamaji wa Dar ataielewa tippani kabla hujafungua mdomo. Na wenzako wasio Wagujarati watakuwa na cha kuleta, si kuiga tu.

Mwisho, watazamaji wataingia. Watu wa pwani hawakai nje ya ngoma inayowaka, nawe usiweke kamba. Waachieni duara la nje, la makofi mawili, ninyi mbaki duara la ndani na hatua ngumu. Hivyo ndivyo viwanja vya Gujarat vinavyojipanga vyenyewe watu wakizidi.

SWALI: Mwalimu, majirani zetu wamenialika kwenye dandiya, ile ngoma ya fimbo ya Wagujarati. Mimi ni mwanamume, Mwislamu, sijawahi kucheza. Niende? Na zile fimbo nitazipata wapi?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Umealikwa na wenyewe, basi nenda, kaka. Wanaume wanacheza dandiya tangu zamani. Wanaume wa jamii ya Mer wa Saurashtra wanaicheza kwa nguvu na kuruka. Ikifika aarti, simama pembeni kwa heshima. Fimbo utapewa hapo, jozi moja, fupi kuliko mkono wako. Gonga katikati ya fimbo ya mwenzako na usilenge ncha, shika kwa kulegeza, na macho yawe kwa mtu anayefuata kwenye safu, kwa sababu ukichelewa kusogea unasimamisha wote walio nyuma yako.