Mlio wa tairi la mbele: sikiliza kabla hujafungua

Mteja akileta gari na kusema "linalia mbele kulia", pokea maneno yake ila upande usiuamini. Sauti hupita kwenye chuma cha bodi, na dereva aliyekaa kulia husikia karibu kila kitu kiko kwake. Muulize linalia wakati gani: kwenye kona, kwenye matuta, akikanyaga breki, au muda wote. Ukipata jibu hilo, nusu ya kazi imekwisha na spana bado iko chini.

Kisha panda naye. Kwa Arusha njia ya majaribio haina shida: vinavyogonga utavisikia kwenye barabara yoyote ya ndani yenye mashimo, iwe Sombetini au Moshono, na vinavyovuma vinataka lami ndefu kama ya baipasi.

Mvumo unaopanda pamoja na mwendo, tuseme kuanzia 40 hadi 80, ni wa beringi au wa tairi. Barabara ikiwa wazi, yumbisha usukani kidogo. Ukikata kushoto, uzito unaegemea tairi za kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Usipobadilika, pitisha kiganja kwenye kashata za tairi, vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara. Ukikuta meno kama ya msumeno, hamishia tairi za mbele nyuma, urudi barabarani. Mvumo ukihamia nyuma, mteja ameponea gharama ya beringi.

Ka-ka-ka ya kukata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta ni sivi jointi ya nje, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi hata likiwa limekatwa. Chungulia buti lake, ule mfuko wa raba unaolifunika: litakuwa limepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Ikishaanza kulia, usimdanganye mtu kwa grisi mpya. Grisi na buti jipya husaidia jointi ambayo bado iko kimya.

Sasa jeki. Weka stendi, gari lililoshikwa na jeki peke yake usiingize hata mkono. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. (Vitabu husema saa 12 na saa 6. Ukihesabu Kiswahili au Kizungu, bado ni juu na chini.) Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na azuie hapo, urudie. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imefunga diski na habu (kitovu tairi linapofungwa) isitikisike. Ukibaki, tafuta bolijointi, kiungo cha mviringo kinachoshika tairi kwenye amu. Kwa Land Cruiser za safari zenye ekseli nzima mbele, tafuta beringi za kingipini, yaani za pini ambazo tairi hugeukia usukani ukikatwa. Halafu shika kushoto na kulia: mchezo wa hapo kwa kawaida ni wa tairodi (fimbo inayogeuza tairi) au mwisho wa reki ya usukani.

Beringi iliyoanza kuchoka huenda isicheze kabisa. Zungusha tairi kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili viwe vimegusa springi ya shokapu. Beringi mbovu utaihisi ikikwaruza kwenye springi kabla sikio halijaisikia.

Kitu kinachowachanganya wengi ni linki ya stabilaiza, kijiti kinachoshika ncha ya nondo inayozuia gari kulala kwenye kona. Inagonga kwenye kila shimo dogo, lakini ukiinua upande mmoja inanyamaza, kwa kuwa stabilaiza imejipinda na kuibana. Ipime gari likiwa limekaa kwenye tairi zote, kwa kuitikisa kwa mkono. Bushi (raba) za kontroo amu, mkono wa chuma unaoshika tairi kwenye bodi, zipime kwa mtaimbo, na ukifunga mpya, bolti zake zikaze mwisho gari likiwa chini. Ukikaza amu ikiwa inaning'inia, raba inakaa imejisokota na kuchanika mapema.

Kwa barabara zetu za kokoto, mlio mkali usiokoma mara nyingi ni jiwe lililonasa kati ya diski na bati lake la nyuma. Vuta bati kidogo kwa bisibisi, jiwe linaanguka. Litazame hilo kabla ya yote, ni bure. Pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Zikifika chuma kwa chuma, diski nayo inaingia kwenye bili.

Beringi mpya kulia baada ya wiki ni kosa la fundi mara nyingi kuliko la spea. Unapoiingiza kwenye nyumba yake, presi isukume ringi ya nje tu. Unapoingiza habu, ringi ya ndani iwe imeegemezwa. Nguvu ikipita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia yake na mvumo unaanza upya. Nyundo hufanya uharibifu huohuo haraka zaidi. Beringi za koni za Land Cruiser zina mambo yake: mchezo mdogo unaweza kuwa nati imelegea tu. Fungua, osha, kagua, paka grisi, kaza huku unazungusha habu, legeza, kisha rudisha kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi hukazwa nyutoni-mita 103, kwa kurukiana, si kwa kuzunguka. Ukimaliza, mpakie mteja tena, mrudi kwenye shimo lilelile mlilosikia mlio.